Mzani hauna muhali: namna ya kupakia pikapu mzigo mzito ukafika salama

Sisi watu wa pwani tuna maradhi yetu yaitwayo muhali. Mtu aona kosa mbele ya macho yake, na jicho lake lajua kuwa ni kosa, lakini ulimi wakataa kunyanyuka kwa sababu mwenye kukosea ni mwenyeji wake, au mkubwa wake, au shemeji aliyemkaribisha kwa mapenzi. Makala haya yahusu mizigo na magari, lakini nataka niungame mapema kuwa yalianza na muhali wangu mimi.

Mwaka jana wakati wa likizo ya shule nilikwenda Nakuru na mke wangu na binti yetu wa miaka tisa. Kakake mke wangu akaa mtaa wa Bondeni, mahali ambapo mtu wa Mombasa hajihisi mgeni sana, maana adhana yasikika na mahamri yapatikana asubuhi. Shemeji alikuwa amenunua pikapu ya milango minne, mkono wa pili, na juu ya sehemu ya mzigo amemwekea fundi wa kuchomelea atengeneze kampa, yaani kijumba cha kulala kinachobebwa na pikapu. Kilikuwa kizuri, wallahi. Kitanda, kabati, tangi la maji, jiko la gesi, jokofu dogo. Nia yake ilikuwa kutembeza familia kwenye maziwa na misitu ya Bonde la Ufa bila ya kulipia hoteli, na baadaye akipata wateja, awakodishie.

Safari ya kwanza ilikuwa Kericho, kwenda kuona mashamba ya chai. Wakubwa wanne tulikaa ndani ya gari. Watoto watatu, binti yangu mmoja wao, waliingia kwenye kampa wakalala kitandani wakicheka. Niliona springi za nyuma zimelala hadi tairi zakaribia kugusa bodi. Niliona taa za mbele zaangalia juu kama mtu anayetafuta mwezi. Nikanyamaza. Niliona muhali.

Kurudi, tulifungua mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa. Kabla ya kufika chini, harufu ikaingia ndani ya gari, harufu kama ya mpira unaoungua. Shemeji alikanyaga breki, na nikamwona amekanyaga tena, na tena, na mguu wake wenda chini zaidi kila mara. Uso wake ulibadilika rangi. Alhamdulillahi alikuwa na akili ya kurudisha gia ya pili, injini ikalia kwa nguvu, gari likapunguza mwendo, tukaingia pembeni mahali pa tambarare. Magurudumu yalikuwa yatoa moshi. Watoto walishuka wakiuliza kama tumefika.

Wanaoijua barabara ile wajua kwa nini mikono yangu ilitetemeka. Hapo Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua zaidi ya watu 100 waliokusanyika kuchota petroli. Hapo karibu, Migaa, tarehe 31 Disemba 2017, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Mbele kidogo, kwenye makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kujizuia liliingia katika watu waliokuwa kando ya barabara na sokoni, wakafa zaidi ya 50. Ni ukanda mmoja wa barabara, na mteremko na uzito havijawahi kuwa marafiki hapo.

Siku ya pili tulimpelekea gari fundi mmoja mzee wa Nakuru. Alizunguka mara moja, akainama, akagusa springi, akasema, "Shemeji yako hana gari bovu. Ana gari lililochoka na mzigo. Twendeni kwa mzani kwanza, halafu ndio tuongee."

Nayaandika haya kwa sababu pikapu zimejaa kwetu pia, Kilifi, Malindi, Lamu hadi Lunga Lunga, na wengi wetu twapakia kwa macho. Aliyotufundisha yule fundi, na niliyoyasoma na kuyahakiki baadaye, nayapanga hapa kwa utaratibu ili mtu aweze kuyarudia siku atakayoyahitaji.

Jua gari lako laruhusiwa kilo ngapi

Kila pikapu ina kibati au kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Hapo pana uzito wa juu kabisa ambao gari laruhusiwa kuwa nao likiwa limejaa kila kitu: gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo. Mara nyingi pia pana kiwango cha ekseli ya mbele na cha ekseli ya nyuma, kila moja peke yake. Usipokiona kibati, tafuta kitabu cha gari.

Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye ule uzito wa juu, kinachobaki ndicho haki yako ya kupakia. Watu husema "pikapu ya tani moja" kama kwamba ni kilo 1,000 za mzigo nyuma. Sivyo. Katika hiyo tani moja, na mara nyingi haifiki tani moja kwa pikapu za milango minne, mmo watu walioketi mbele, mmo bampa la chuma uliloongeza, mmo keria ya juu, mmo tairi la akiba la pili. Kampa yenyewe ni ya mwisho kuhesabiwa, na ndipo utakapokuta nafasi imekwisha.

Sheria ya trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yakataza gari kubeba mzigo kupita kiasi alichokiweka mtengenezaji wa gari. Lakini twaona mizani ya Mariakani, ya Athi River na ya Gilgil yashughulika na malori, kwa kuwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito yahusu magari ya tani 3.5 kwenda juu. Pikapu hupita bila ya kuulizwa. Kupita bila ya kuulizwa si ruhusa. Maana yake ni kuwa hakuna wa kukupimia ila wewe mwenyewe.

Pima, usikisie

Wapi mtu apime? Maghala ya nafaka, viwanda vya unga, vituo vya kokoto na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wana mizani ya magari, na kwa malipo madogo watakupimia. Nakuru, mji wa ngano na mahindi, mizani haikosi. Kwetu pwani, kwenye machimbo ya mawe na maghala utaipata.

Fundi alitulazimisha tupakie vile vile kama tulivyokuwa barabarani, watu wote ndani, maji tangi tele. Mtu hupima mara tatu: magurudumu ya mbele peke yake juu ya mzani, gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake. Yetu yalitoka hivi. Kibati kiliruhusu jumla ya kilo 2,900, na ekseli ya nyuma kilo 1,700. Mzani ulisema jumla ni 3,410. Mbele 1,180, nyuma 2,230. Tulikuwa tumezidisha zaidi ya nusu tani, na karibu yote ilikuwa imekalia ekseli ya nyuma.

Shemeji alisema, "Haiwezekani, kampa si nzito hivyo." Fundi akamwambia tuhesabu kitu kimoja kimoja. Tukahesabu. Kampa tupu, kwa kuwa ilijengwa kwa chuma na mbao nene, kilo 580. Maji lita 100, na lita moja ya maji ni kilo moja, basi kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 13, ukiongeza chuma chake, kama kilo 27. Jokofu na betri yake 70. Vifaa na tairi la akiba la pili 60. Magodoro, mablanketi, vyombo na masufuria 90. Gunia la viazi na kabeji tulizonunua njiani 90. Bampa na keria 60. Watu saba, wakubwa na watoto, 380. Jumla kilo 1,457, juu ya gari lenye uzito mtupu wa kama 1,950.

Hakuna kitu kimoja hapo ambacho mtu angekiita mzigo mkubwa. Ndivyo mzigo unavyomdanganya mwenye gari: waingia mmoja mmoja, kila mmoja kwa udhuru wake.

Na kuhusu viazi, tahadhari. Kanuni za mwaka 2019 zasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini barabarani bado kuna magunia yaliyoshonewa kofia juu yanayopita kilo 100. Mtu wa pwani anayerudi nyumbani akisimama Soko Mjinga na kusema "nipakilie mawili tu", huenda ameongeza uzito wa watu watatu wazima.

Uzito ukae wapi

Kilo hazitoshi kujua. Mahali zilipokaa ni muhimu vile vile. Chukua mfano wa pikapu ambayo umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3. Ukining'iniza mzigo wa kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haiongezewi kilo 100. Yaongezewa kama 133, na ekseli ya mbele yanyanyuliwa kilo 33. Ni kama mtoto anayeketi ncha ya ubao wa pembea. Ndiyo sababu taa zetu zilikuwa zaangalia mbinguni, na ndiyo sababu usukani ulikuwa mwepesi ajabu. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Yakipungukiwa na uzito, gari halitii kona na halitii breki.

Pikapu ya milango minne ina shida zaidi, kwa kuwa sanduku lake la mzigo ni fupi na sehemu kubwa yake yakaa nyuma ya ekseli. Anayetaka kampa nzito ni afadhali atumie pikapu ya milango miwili, ambayo sanduku lake laanzia mbele zaidi. Hata hapo, vitu vizito vikae chini na mbele, vikigusana na ukuta wa nyuma wa kabini: tangi la maji, betri, mtungi wa gesi, unga, mchele. Vyepesi, kama mablanketi na nguo, vikae juu na nyuma. Pande mbili zilingane. Tangi la maji likiwa upande mmoja, jokofu liwe upande wa pili.

Na juu ya paa usiweke kizito. Keria nyingi za juu hazikutengenezwa kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100 gari likiwa latembea, na katika kiwango hicho keria yenyewe yahesabiwa. Mzigo wa juu hufanya gari liyumbe kwenye kona, na kule uwazi wa Gilgil na Elmenteita, upepo ukipiga ubavuni, kampa ndefu hugeuka tanga la jahazi. Twajua sisi nahodha hufanya nini upepo ukizidi: hupunguza tanga. Dereva hana tanga la kupunguza, ana mwendo tu.

Tairi

Tairi husoma kama kitambulisho ukijua kusoma. Ubavuni, baada ya vipimo, pana namba na herufi. Hiyo namba ndiyo uwezo wa kubeba wa tairi moja likiwa na upepo kamili. Namba 104 ni kilo 900, 106 ni 950, 110 ni 1,060, 112 ni 1,120. Zidisha kwa mbili upate uwezo wa ekseli. Magurudumu ya nyuma ya shemeji yalikuwa 106, yaani kilo 1,900 kwa mawili, na yalikuwa yamebebeshwa 2,230. Yalikuwa yasubiri siku ya joto tu yapasuke.

Tazama pia umri. Kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye kashata nzuri bado laweza kuwa limekauka kwa ndani.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, na ujazwe kulingana na mzigo, si kwa mazoea. Kibati cha mlango mara nyingi huonyesha viwango viwili, gari likiwa jepesi na likiwa limejaa. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunjakunja, hupata joto, na joto ndilo linaloliua. Kumbuka kuwa safari ya Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, yaanza kwenye joto la Mariakani na Voi. Na usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Springi haziongezi haki

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Gari likilala nyuma, mtu huenda akaongezwa bamba la springi, gari likanyanyuka, akaona mambo yamekwisha. Springi zimebadilisha sura ya gari, hazikubadilisha kibati. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, chesi ni ile ile, na breki ni zile zile zilizopangiwa kilo 2,900.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Pikapu nyingi zina kifaa chini, kimeungwa na ekseli ya nyuma, kinachosoma springi zimelala kiasi gani ili kigawe nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ukilinyanyua gari kwa springi bila ya kukirekebisha kifaa hicho, chadhani gari ni tupu, na chanyima magurudumu ya nyuma nguvu ya breki wakati uyahitajipo. Fundi wako akikuongezea springi, mwulize kuhusu hilo.

Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chesi nayo yafaa kusawazisha gari, lakini hukusanya uzito sehemu moja ya chesi. Kwenye barabara za mawimbi, kama nyingi za ndani ya Baringo na Narok, chesi za pikapu zilizojaa huweza kupinda au kupasuka nyuma ya kabini.

Funga, kisha utawakali

Tumefundishwa tangu udogoni kuwa ngamia hufungwa kwanza. Kampa ifungwe kwenye chesi au kwenye vishikizo imara vilivyofungwa kwa bolti kubwa zenye wacha pana, si kwenye bati la ubavu wa sanduku. Bati hupinda na kupasuka.

Kipimo kinachotumika Ulaya ni hiki: vifungo viweze kuzuia mzigo usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa nguvu sawa na asilimia 50. Kampa ya kilo 500 yahitaji vifungo vya kuzuia kilo 400 mbele na 250 kila upande. Kamba ya katani au ya nailoni iliyofungwa kwa fundo la mkono haitoi hesabu hiyo, na nailoni huvutika ikilowa mvua. Tumia mikanda ya kukazia kwa kishikio cha chuma, yenye namba ya uwezo wake, au vikazio vya chuma vya skurubu. Mzigo pia uegemee ukuta wa mbele, usiwe na nafasi ya kuanza kuteleza.

Simama baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza ukaze tena. Mzigo hukaa, na mkanda hulegea. Kisha kila unaposimama kuswali au kunywa chai, pitisha mkono.

Mteremko

Bonde la Ufa ni bonde kweli. Mtu atoka Nairobi, apanda kupita Limuru, kisha ashuka hadi Naivasha au Mai Mahiu, ile barabara ya chini iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano ambao kikanisa chao kidogo bado kipo kando ya njia. Kisha Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na ukielekea magharibi wapanda tena Mau Summit, ambako ukungu na mvua si ajabu. Mtu wa pwani hajazoea. Kwetu mlima ni Mazeras.

Kwanza, kupanda. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari lililovuta vizuri Mtwapa litahema Nakuru. Usililazimishe, na tazama kipimo cha joto.

Kisha kushuka, ambako roho hutoka. Kanuni ni moja: shuka na gia ile ile ambayo ungeipandia, na uiingize kabla ya mteremko kuanza. Injini ikushikie gari. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ziachwe zipumue, si kuzigusa gusa njia nzima. Gari la otomatiki lina nafasi ya gia ya chini, litumie. Na ole wake anayeachia gari huru ili aokoe mafuta, tabia iliyotia doa jina la Salgaa kwa miaka mingi. Mafuta atakayookoa hayafiki bei ya sanda.

Breki hufeli kwa joto. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri ya umri, na yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, na ndipo mguu wenda chini bila ya kushika. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama uache breki zipoe zenyewe angalau nusu saa, na usimwagie maji, kwani diski yaweza kupasuka.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa si mara mbili ya linalokwenda 40, ni mara nne. Ukiwa na kampa, 80 iwe ndiyo kikomo chako hata barabara ikiwa nyoofu na tupu.

Watu wakae viti vya watu

Hili naliandika nikiwa na aibu. Hakuna mtu, mkubwa wala mtoto, anayefaa kukaa ndani ya kampa gari likiwa latembea. Hakuna mkanda, hakuna kiti, na kampa ikichomoka huenda na waliomo. Gari la viti vitano ni la watu watano. Aliyezidi apande matatu. Kutoka Nakuru hadi Kericho matatu hazikosi, na nauli yake ni ndogo kuliko kitu chochote ambacho ningelipa siku ile.

Na wenye nia ya biashara wajue kuwa kubadilisha bodi ya gari kwahitaji ukaguzi na marekebisho ya rekodi za NTSA, na kuwa bima ikikuta gari limebadilishwa au limezidishiwa mzigo, huenda ikakuacha peke yako.

Mwisho wa shemeji

Shemeji hakukasirika, alinyamaza siku nzima. Kisha aliishusha kampa, akaiweka uani, na sasa ni chumba cha kusomea watoto. Juu ya pikapu ameweka fremu nyepesi ya alumini na hema la turubai, na maji yake ni jerikeni mbili za lita 20, azijaza akifika anakokwenda. Alirudi mzanini bila ya kuambiwa. Akiwa na watu watano na vyombo vyote, jumla ilikuwa chini ya 2,900, na nyuma chini ya 1,700. Alinitumia picha ya karatasi ya mzani kwenye simu, bila ya neno lolote.

Siku ya kuondoka kwetu, mama mkwe alileta gunia la viazi na mkungu wa ndizi tuende navyo Mombasa, katika gari la mtu aliyetupa lifti, ambalo lilikuwa limekwisha kujaa. Zamani ningepokea, nikambebesha mwenye gari muhali wangu. Nilimshika mkono mama nikamwambia, "Mama, Mungu akubariki, lakini gari halibebi. Nitakuja kuvichukua kwa basi." Alinitazama kidogo, akacheka, akatoa viazi kumi akavifunga kwenye leso.

Basi ndugu zangu, kabla ya kusafiri likizo hii, pitieni mzanini. Na ukiona springi zimelala na watoto wamo nyuma, sema, hata kama gari ni la shemeji.

Mungu atufikishe salama sote. Wabillahi tawfiq.